Hapa Tunaongea Kireno

Kibao kilichoning'inia juu ya mlango wa fremu ya Anselmi Shirima, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, kilisema kwa herufi nyekundu: HAPA TUNAONGEA KIRENO. Kiliandikwa kwa Kiswahili. Mchoraji alimuuliza kama asingependa kiandikwe kwa Kireno chenyewe, ili mtu asiyejua Kiswahili naye aelewe, na Anselmi akamjibu kwamba somo la kuandika walikuwa hawajalifikia.

Humo dukani aliyeongea Kireno alikuwa mtu mmoja, Anselmi mwenyewe, tena baada ya Jumapili tano tu za masomo. Lakini ili kueleza ni kwa nini muuza mashuka wa miaka arobaini na mitatu aliamua kurudi shule, ni vema kwanza tumfahamu.

Anselmi alizaliwa Rombo, mkoani Kilimanjaro, na alishuka Dar es Salaam akiwa na miaka kumi na minane na begi moja. Alianza kwa kutembeza soksi kwenye gereji za Gerezani, akiamini kwamba mafundi nao wana miguu. Soksi zikampa meza ya mapazia, meza ikampa fremu ya mashuka ya jumla, na fremu ikampa mke. Severa alikuwa anauza vitenge fremu ya pili. Anselmi alimposa kwa muda wa robo saa, kwa sababu siku hiyo ilikuwa Jumamosi na wateja walikuwa wengi.

Haraka ndiyo iliyomjenga. Alipokwenda kwao Krismasi alisalimia nyumba kwa nyumba, akaulizia ng'ombe, migomba na magoti ya wazee, mmoja mmoja. Akirudi Kariakoo alizikata salamu kama fundi anavyokata suruali ya mtu mfupi. Mteja aliyekanyaga kizingiti chake alikuta sentensi moja inamsubiri: "Karibu, mzigo upo, unataka ngapi?" Alikuwa ameshapima kwamba habari za nyumbani, pamoja na majibu yake, huchukua dakika tatu. Katika dakika tatu, alisema, mtu mwenye akili anauza dazeni.

Mteja wake mkubwa kuliko wote alikuwa Mama Zainabo, mfanyabiashara wa miaka sitini na mitano kutoka Pemba ya Msumbiji. Kila baada ya miezi miwili alivuka Mto Ruvuma, akapanda basi Mtwara, akaingia Dar na mkoba wake wa ngozi, akanunua kwa Anselmi marobota sita ya mashuka ya kwenda kuuza kwao. Alifanya hivyo kwa miaka tisa. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha Anselmi, maana watu wa pwani ile huzungumza Kimwani, lugha iliyo kama binamu wa Kiswahili, na yeye alizijua zote mbili tangu utotoni. Mama Zainabo alijua majina ya watoto watatu wa Anselmi, alijua mgongo wa Severa unauma msimu gani, na alijua kwamba mtoto wa kati haelewani na hesabu. Anselmi naye alijua kwamba Mama Zainabo anapenda mashuka ya sita kwa sita, yenye maua makubwa, yasiyochuja.

Mwaka huu, mwezi wa nne, hakuja. Mwezi wa sita hakuja. Mwezi wa nane akatokea mlangoni, amepungua mwili, mtandio umemshuka mpaka kwenye nyusi.

"Mama! Ulipotea!" Anselmi alipaza sauti kutoka nyuma ya kaunta. "Nani kakuiba? Umepata duka lingine, sema ukweli!"

Kariakoo ndivyo mteja aliyeadimika anavyokaribishwa. Ni utani, na anayetaniwa hutakiwa kuapa kwamba hajaonja mali ya mwingine. Mama Zainabo alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Sijapata duka lingine, mwanangu."

"Basi vizuri. Mzigo upo, unataka ngapi?"

Alichukua robota moja. Akatoka, akavuka mtaa, akaingia duka linalotazamana nalo, la Hashil, na hakutoka kwa muda wa saa nzima.

Hashil alikuwa kijana wa Kiarabu aliyerithi duka la mashuka la baba yake pamoja na kiti cha baba yake, na alifanya biashara kama mtu anayesubiri kahawa ipoe. Anselmi hakuwahi kumhesabu kuwa mshindani. Kwa hiyo jioni ile alipiga simu kwa wakala wake wa China akaagiza mashuka ya sita kwa sita yenye maua, mara mbili ya kawaida, ili Mama Zainabo akirudi akute uchaguzi usiopatikana kwingine.

Mwezi wa kumi Mama Zainabo alirudi, na alipitiliza moja kwa moja mpaka kwa Hashil. Anselmi aliona kila kitu kutoka kwenye kaunta yake. Hashil aliinuka kitini, akaweka mkono kifuani, akasema, "Tudo bem, Dona Zainabo?" Mama Zainabo akacheka.

"Umepigwa, bosi," alisema Godbless.

Godbless alikuwa winga, yaani mmoja wa wale vijana wanaozunguka Kariakoo bila duka wala bidhaa, wakiwakamata wateja barabarani na kuwapeleka kwenye maduka ya wengine. Kwa kuwa kazi yake ilikuwa kujua, alijua kila kitu.

"Umesikia pale? Jamaa anamwaga Kireno."

"Lakini yule mama anajua Kiswahili kunishinda mimi!"

"Anajua, nani kabisha? Ila lugha ya serikali yao ni Kireno, bosi. Mtu akiwa ugenini akisikia lugha ya kwao, anayeyuka. Mimi mtu akinisalimia Kinyakyusa namwachia hata simu."

Severa, aliyekuwa anakunja mashuka, aliinua kichwa. "Baba Vicky, ulimuuliza kwa nini hakuja miezi yote ile?"

"Nilimuuliza."

"Ulimuulizaje?"

"Nilimuuliza kama kapata duka lingine."

"Huko ndiko kuuliza?"

"Severa, mimi nauza mashuka. Mimi si mpelelezi."

Wiki iliyofuata mzigo wa China ukafika. Marobota yalijaa stoo, yakapanda ngazi, yakaziba dirisha, na mengine yakawekwa katikati ya duka, kiasi kwamba mume na mke walianza kuzungumza bila kuonana. Wakazi wa Dar es Salaam mwaka huu walitaka mashuka meupe kama ya hotelini. Maua makubwa ya sita kwa sita yalikuwa na mteja mmoja tu duniani, na mteja huyo alikuwa anacheka ng'ambo ya mtaa. Ikiwa mwezi wa kumi na mbili Mama Zainabo hatarudi kwake, Anselmi alijua kwamba atarudi mwenyewe kwenye meza ya mapazia. Aliamua kujifunza Kireno.

Godbless alimpeleka Magomeni kwa mwendokasi, kwenye Kituo cha Lugha za Kimataifa. Kituo kilikuwa benchi moja na ubao mmoja kwenye baraza ya nyumba ya Kiswahili, pembeni ya jiko la maandazi la mke wa mwalimu. Mwalimu aliitwa Abdulmajid. Alikuwa mzee wa makamo aliyewahi kuishi Nampula miaka minne akiwa utingo wa lori, na Kireno alijifunza mahali utingo anapojifunzia.

"Mwalimu, shikamoo," alisema Anselmi.

"Marahaba. Hapo hapo umeshakosea."

"Nimekosea nini?"

"Ukikaa kwenye benchi hili upo Msumbiji. Hapa hakuna shikamoo. Hapa unasema 'Como é, pá?'"

"Maana yake?"

"'Vipi, mwana?'"

Anselmi alisita. Alikuwa mtu wa Rombo, na kuna mambo ambayo Kariakoo ilikuwa haijayakata. "Hata kwa mtu mzima, mwalimu?"

"Bwana Anselmi, umekuja kutafuta Kireno cha ubalozini au Kireno cha mtaani?"

"Cha mtaani."

"Basi mtaani hakuna mtu mzima."

Masomo yalikuwa kumi, yameandikwa kwenye daftari la jalada gumu ambalo Abdulmajid hakumruhusu mtu kulishika. La kwanza salamu, la pili kujibu salamu, la tatu kujisifu, la nne kushangaa, na kuendelea. Sarufi haikuwamo. Sarufi, kwa maelezo ya mwalimu, ni ya watu wanaotaka kuongea polepole. Jumapili ya tatu Anselmi aliomba aelezwe masomo yaliyobaki ili achague ya maana, kwa kuwa Desemba ilikuwa karibu.

"La nane, sokoni," alisoma Abdulmajid. "La tisa, msiba na ugonjwa. La kumi, kuagana."

"La tisa liruke."

"Watu huwa wanafiwa, Bwana Anselmi."

"Wafiwe tu. Mimi sina mpango wa kuzika mtu, nina mpango wa kuuza mashuka. Nipe kitu kingine cha kumkolezea mteja."

Mwalimu akampa mkupuo, ambao ndio aliujivunia kuliko yote. Mkupuo ni maswali matatu yanayofuatana bila kupumua: E a família? E as crianças? E o marido? Familia je, watoto je, mume je. Na baada ya hapo, kabla mtu hajafungua mdomo, unamalizia mwenyewe: Maningue nice! Safi kabisa!

"Sisubiri jibu?"

"Jibu la nini? Jibu ni tudo bem, yaani kwema tu, hata nyumba ikiwa inaungua. Hiyo ni salamu, si sensa."

Anselmi alifurahi sana. Mkupuo mzima ulichukua sekunde tano. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikutana na lugha inayojua thamani ya muda.

Tangu hapo alifanya mazoezi kwa yeyote aliyepita. Asubuhi alimwamsha Severa kwa "Tudo fixe?", yaani mambo poa, akajibiwa kwamba gesi imeisha. Askari wa jiji alipokuja kuuliza kwa nini robota liko njiani aliambiwa "Estamos juntos", yaani tuko pamoja, na alikubali kwa sababu alidhani ni jina la kampuni ya usafirishaji. Godbless naye alijifunza bure kwa kusikiliza, akaanza kuwarushia Kireno wateja wa Zambia, Wakomoro, na mpaka mama mmoja wa Mbagala aliyekuja kutafuta sare za shule. Kibao kikapandishwa. Wenye maduka jirani walipita wakikitazama kama watu wanavyotazama gari jipya la mwenzao.

Jumanne ya pili ya Desemba, saa nne asubuhi, Godbless alikuja mbio.

"Bosi! Yule mama kaingia mtaani! Yuko kwenye kona ya muuza chaji!"

Anselmi alivuta pumzi, akavaa shati alilolitundika kwa ajili ya siku hiyo, akatoka mpaka katikati ya barabara. Alisimama pale ambapo mtu hawezi kwenda kwa Hashil bila kumpitia. Mama Zainabo alikuja taratibu na mkoba wake, akamkuta.

"Como é, pá!" alisema Anselmi kwa sauti iliyofika ghorofa ya tatu, akamnyooshea ngumi ili wagongeane, kama alivyofundishwa.

Mama Zainabo aliitazama ngumi ile. "Mkono umeumia, Anselmi?"

"Tudo fixe?"

"Sijambo. Wewe umekula nini leo?"

Watu walianza kusogea. Wauza chupi waliacha kuita wateja, mpiga debe wa mikoba alizima kipaza sauti chake.

"Na huko kwenu Kilimanjaro," aliendelea Mama Zainabo, "mama yako mzazi unamsalimia hivyo hivyo? Kwa ngumi?"

Watu walicheka. Godbless alimpigia bosi wake makofi. "Endelea, bosi, analegea huyo! Mpe mkupuo!"

Anselmi akampa mkupuo. "E a família? E as crianças? E o marido?"

Mama Zainabo alikuwa ameshafungua mdomo acheke. Aliufunga.

"Marehemu," alisema, kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini.

Maneno "Maningue nice" yalikuwa tayari nyuma ya meno ya Anselmi, yamekuja yenyewe kwa nguvu ya mazoezi. Alilazimika kuziba mdomo kwa kiganja. Watu waliomzunguka walidhani anapiga chafya.

"Mwezi wa tatu," alisema Mama Zainabo. "Nilikuwa eda. Ndiyo maana hukuniona."

Anselmi alitafuta neno la Kireno. Alipekua kushangaa, kujisifu na kubembeleza, akafika kwenye nafasi ya somo la tisa, akakuta tupu.

"Pole, mama," alisema hatimaye. "Pole sana. Sikujua mimi."

"Ungejuaje? Miaka tisa hujaniuliza hata kama nina mume. Leo umeniuliza, ukaniuliza barabarani, kwa Kireno, mkono umekunja ngumi." Hakusema kwa hasira, alisema kama mtu anayesoma orodha ya mzigo. "Mwezi wa nane nilitoka eda, safari yangu ya kwanza. Nikasema nikifika kwa Anselmi nitakaa, ataniambia pole. Ukaniuliza nani kaniiba."

Hashil alikuwa ametoka nje, amesimama kwenye kizingiti chake. Anselmi alimgeukia, kwa sababu kumgeukia mtu mwingine yeyote kulikuwa kugumu zaidi.

"Wewe ulimwambia nini? Kwa Kireno?"

"Kireno gani, kaka?" Hashil alishangaa. "Nilimpa kiti. Nikamuuliza, mama, huko kwenu kwema? Akalia. Tukanywa kahawa."

"Na ile tudo bem?"

"Alinifundisha mwenyewe siku ile, alipomaliza kulia. Najua hiyo hiyo moja."

Severa ndiye aliyeyamaliza. Alitoka amejifunga khanga juu ya gauni, akamkumbatia Mama Zainabo, akamshika mkono, akamwingiza ndani kwa kumpitisha kiupande kati ya marobota. Anselmi aliwafuata. Kisha alifanya jambo ambalo Mtaa wa Sikukuu haukuwahi kuliona kabla ya jioni: alivuta geti nusu.

Ndani hakukuwa na pa kukaa isipokuwa juu ya mzigo, wakakaa juu ya mzigo.

"Alikuwa anaitwa nani, mama?" aliuliza Anselmi.

"Amade."

"Alikuwa anafanya kazi gani?"

"Seremala. Alikuwa anatengeneza vitanda, mimi navivika. Watu wa Pemba hawakununua kitanda kwa Amade bila kununua na shuka kwangu." Alipapasa robota alilokalia. "Na yeye alijua kipimo kimoja tu, Mungu amrehemu. Sita kwa sita. Nilimwambia, Amade, vijana siku hizi wana vyumba vidogo. Akasema, watakua."

Severa alicheka huku anafuta macho. Anselmi hakucheka. Alikuwa anatazama marobota yake, la kwanza mpaka la dirishani, na kwa mara ya kwanza alielewa ni nini kilichokuwa kimempa mteja kwa miaka tisa, na tangu lini kilikuwa kimekufa.

"Kwa hiyo sasa vitanda..."

"Sasa vitanda hakuna. Kwa Hashil nachukua mapazia na mashuka madogo ya wanafunzi, kidogo kidogo. Ya maua nitampelekea nani?"

Dakika tatu. Mwezi wa nane zingetosha dakika tatu, na simu ya China isingepigwa.

Mama Zainabo alimwona anavyohesabu kwa macho, na yeye alikuwa mfanyabiashara kabla hajawa mjane. "Mwanangu wa mwisho ameshika randa ya baba yake," alisema. "Mguu wa kitanda wa kwanza ameukata mfupi. Wa pili akaukata ili ulingane na wa kwanza. Lakini anaendelea. Marobota mawili nitachukua leo, nimtie moyo. Mengine nitakuja kuyaangalia akishajua kupima. Ila ukiniona mlangoni, Anselmi, uniulize kwanza."

"Nitauliza, mama."

"Kwa Kiswahili."

Aliondoka saa sita na nusu. Nje, mtaa ulikuwa umesubiri. Ulikuwa umeona mteja akisimamishwa barabarani kwa Kireno, akibadilika uso, akiingizwa ndani, geti likivutwa nusu kwa zaidi ya saa mbili, na marobota yakitoka kwa mkokoteni. Neno "marehemu" lilikuwa limemezwa na kelele za mtaa; zaidi ya Hashil, aliyejua tangu mwezi wa nane, lilisikiwa na Godbless tu, na Godbless alikuwa na sababu zake za kulinyamazia. Kufikia saa tisa alasiri Kariakoo ilikuwa imeshafikia uamuzi wake.

Jumapili iliyofuata Anselmi alipofika Magomeni alikuta watu kumi na wanne wamebanana kwenye benchi la watu watano. Wengine walikuwa wamekalia ndoo. Jiko la maandazi lilikuwa limehamishiwa uani, na Godbless alikuwa amesimama mlangoni akiwapanga wanafunzi wapya na kuwaambia kuwa mkupuo unafundishwa Jumapili ya tatu, msisukumane.

"Huyu hapa mwenyewe!" Abdulmajid alimtambulisha kwa darasa. "Bwana Anselmi, mhitimu wetu. Umekuja kutoa ushuhuda?"

"Shikamoo, mwalimu," alisema Anselmi. "Nimekuja kwa ajili ya somo la tisa."

Abdulmajid alifungua daftari la jalada gumu. Alilamba kidole, akapindua ukurasa, akapindua mwingine, akarudi nyuma. Kisha akalifunga na kulisogeza karibu na kifua.

"La tisa," alisema kwa sauti ya chini, "kusema kweli nina kichwa chake cha habari tu. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kulitaka."